Nyundo kabla ya maikrofoni

Vita vikiisha huja watu wenye madaftari na vinasa sauti. Wanamkalisha manusura na kumwomba aeleze: walikuja saa ngapi, walikuwa wangapi, walikufanya nini. Najua ushahidi unahitajika, kwa kuwa mahakama haihukumu kwa kukisia. Lakini tumezoea kuamini kwamba kusimulia ndiko kupona, na hapo mimi sikubali. Wapo wasioweza kulitamka lililowapata, na wapo waliokwisha kulisema mara nyingi hadi wanajisikia kama wanasimulia habari za mtu mwingine. Kiwewe hukaa mwilini. Mlango ukibamizwa mtu anaruka. Usingizi unakatika usiku wa manane. Mwili huo unataka kazi ya kufanya.

Ndiyo maana nikifikiria sanaa shirikishi, ile inayofanywa kwa mikono ya waliojeruhiwa wenyewe au ya umma, mawazo yangu huenda Kolombia. Baada ya mkataba wa amani wa 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC, waasi hao walisalimisha silaha zao, na tani 37 zikayeyushwa ili msanii Doris Salcedo atengeneze kumbukumbu ya vita mjini Bogotá. Hakusimamisha mnara. Alitandaza sakafu ya vigae 1,296, akaiita Fragmentos, nayo ikafunguliwa 2018. Kabla ya chuma kumiminwa, wanawake waliobakwa vitani walishika nyundo wakagonga mabamba ya metali, na mabonde na matuta yaliyoachwa na mapigo yao ndiyo yaliyotoa umbo la vigae.

Ukiingia pale leo unakanyaga bunduki, na sura ya bunduki hizo imepigwa na mikono ya wanawake hao. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hasira yao haikufichwa. Mara nyingi tunamharakisha manusura asamehe, atabasamu kwenye picha, atuondolee sisi aibu. Pale Bogotá hasira ilikuwa malighafi, na kila pigo la nyundo lilibaki.

Bosnia walichagua kitu kidogo zaidi: kikombe cha kahawa. Wabosnia hukiita fildžan, nasi tuna finjani, neno lilelile lililosafiri njia mbili. Msanii Aida Šehović, aliyekimbia vita vya nchi hiyo akiwa kijana, alianza mwaka 2006 kupanga finjani hadharani kila tarehe 11 Julai, kuwakumbuka wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliouawa Srebrenica mwaka 1995. Mpita njia yeyote alikaribishwa kumimina kahawa katika finjani moja na kuiacha bila kuinywa. Jina la kazi hiyo, ŠTO TE NEMA, ni swali: mbona haupo? Sidhani mgeni aliyemimina kahawa ile aliondoka kama mtazamaji tu. Kwa dakika moja alikuwa mfiwa pamoja na wafiwa.

Nina hofu moja, na sitaificha. Kuna miradi inayodumu wiki mbili. Watoto wanapewa rangi, wanaambiwa wachore vita, michoro inapelekwa kwenye maonyesho ya mbali, na mtoto anabaki na kile alichofunuliwa, bila mtu wa kukaa naye usiku. Huko ni kuchokonoa kidonda. Sanaa haichukui nafasi ya daktari, wala ya haki mahakamani, na anayeifanya na waliojeruhiwa lazima awe tayari kukaa.

Tazama Ingoma Nshya ya Rwanda, kundi la wanawake wapiga ngoma lililoanzishwa na Odile Gakire Katese mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari. Ngoma zile zilikuwa za wanaume. Waliozishika walitoka pande zote mbili za maafa, na mdundo hauendi bila kumsikiliza aliye pembeni yako. Mazoezi hayo yamewachukua miaka, si wiki mbili. Kwa hiyo kila ninaposikia mradi wa namna hii unatangazwa, nauliza: maonyesho yakiisha, ngoma zinabaki kwa nani?