Ng'ombe wa Neoni Alikuwa wa Mtaani

Tangu miaka ya 1970, mkahawa wa Sammy's Kitchen huko Hong Kong ulimning'iniza ng'ombe wa neoni, yaani bango la taa lenye umbo la ng'ombe, juu ya barabara ya Western Street. Mwaka 2015 aliteremshwa kwa kuwa idara ya majengo ilimhesabu kama kitu kilichojengwa bila kibali. Mkahawa ulikuwa bado unapika. Ng'ombe akachukuliwa na makumbusho ya M+, na wengi wakafurahi kwamba ameokolewa.

Mimi sikufurahi sana. Kazi ya bango ni kuita wateja na kuelekeza wageni: shuka kwenye ng'ombe, kata kushoto. Ndani ya makumbusho hamwelekezi mtu popote.

Serikali inayo hoja, sikatai. Chuma hushika kutu, vimbunga hupita kila mwaka, na bango likianguka halichagui kichwa. Lakini vyuma vya kushikilia hubadilishwa! Las Vegas, mwaka 1996, walimkarabati mpanda farasi wa bango la hoteli ya Hacienda wakamsimamisha barabarani, watu wamwone bila kukata tiketi.

Kinachonisumbua zaidi ni mafundi. Hong Kong, bango lilianza kwa mwandishi wa hati aliyechora herufi za Kichina kwa brashi. Herufi zikakuzwa kwenye karatasi yenye ukubwa wa bango lenyewe. Fundi akapasha mrija wa kioo motoni, akaupinda kufuata mchoro kabla haujapoa, akanyonya hewa, akajaza gesi. Neoni hutoa mwanga mwekundu. Ukitaka bluu, unatumia argoni na zebaki kidogo. (Yote tunayaita neoni tu.) Kwa kuwa kila mrija ulipindwa kwa mkono, popo mwenye sarafu (alama ya maduka ya rehani) wa duka hili hakuwa sawasawa na popo wa duka la pili.

Taa za LED zinakula umeme kidogo, na mwenye duka anayehesabu senti siwezi kumlaumu. Ila mafundi wa neoni waliobaki wengi ni watu wazima sana. Mrija ukivunjika, nani ataupinda mwingine?

Kwa hiyo fedha za uhifadhi ningezigawa hivi: kwanza posho ya kijana akae karakana na fundi mzee, kisha ruzuku kwa mwenye duka abadilishe vyuma na kukaguliwa. Makumbusho yapewe mabango ya maduka yaliyokwisha kufungwa.