George Inn: maseremala nao wasimuliwe

Katika kijiji cha Norton St Philip, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna nyumba ya wageni iitwayo George Inn. Wanaoisimulia hupenda kuanza na Duke wa Monmouth, aliyefikia humo mwaka 1685 akiongoza uasi dhidi ya Mfalme James wa Pili. Sawa, lakini Duke alikuwa mpita njia. Mimi nataka habari za maseremala.

Itazame kutoka barabarani. Chini ni mawe matupu, na mlango wa tao ulio mpana. Juu ya mawe hayo zimekaa ghorofa mbili za mbao, kila moja imechomoza mbele kuliko iliyo chini yake. Wengi huona mapambo hapo. Mimi naona hesabu za biashara. Walioijenga, karne ya 14, ni watawa Wakartusi wa Hinton, watu waliojifunga kuishi kwa ukimya (na bado wakajenga mahali pa kelele za minada!). Kijiji kilikuwa na gulio la sufi, wafanyabiashara walihitaji malazi, na sufi yenyewe ilihitaji ghala pakavu, yaani huko juu.

Sehemu ya mbao ilifuata karne ya 15. Kuchomoza kule kulikuwa na faida mbili. Chumba kilipanuka bila kuimeza barabara. Na ukuta wa juu, kwa kukalia ncha za boriti, ulizisaidia zisibonyee katikati kwa uzito wa mzigo. Mbao zenyewe zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja imechongwa iingie katika tundu la nyingine, kisha zikapigiliwa vigingi vya mti.

Nyumba ya watawa ilifungwa mwaka 1539, enzi ya Henry wa Nane. George ikaendelea kuuza pombe na vitanda, na naamini ndiyo sababu bado imesimama: jengo lenye kazi hutengenezwa paa likivuja. Leo imo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kisheria, ila ulinzi huo ulikuja baada ya karne nyingi za wateja.

Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara, alipita kijijini tarehe 12 Juni 1668. Alitembelea kanisa, akaangalia makaburi, akala vizuri na kuandika gharama: shilingi 10. Nyumba alimokula chakula hicho hakuieleza hata kidogo.