Kwashakoo ya Elfu Thelathini na Sita

Bibi yangu mpaka leo haiiti guashi. Siku nilipoingia nyumbani na boksi kwapani nikamwambia, "Bibi, nimenunua guashi," alishika kifua. "Kwashakoo? Siku hizi inauzwa?" Nikamweleza kwamba ni rangi za kuchorea. Akasema afadhali, maana kwa nilivyokonda alidhani nimeanza kuinunua kwa jumla.

Nilikuwa nimetoka nayo Kariakoo. Shilingi 36,000, vikombe 18. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Bagamoyo, na maisha yangu yote ya uchoraji yalikuwa ni rangi za vidonge zile za watoto, unasugua brashi mpaka mkono unakufa ganzi, unapata rangi ya maji ya kuoshea vikombe. Kwa hiyo nilipoviona vile vikombe 18 vimepangwa kama keki dukani, nikafanya hesabu ya mtu aliyekwisha kupenda: elfu thelathini na sita gawanya kwa kumi na nane, elfu mbili. Elfu mbili tu kwa kikombe! Nauli ya kurudi nikakopa kwa shoga yangu Mbagala.

Kila kikombe kina mililita 30 na kimefunikwa kwa karatasi ya kubandua, kama mtindi wa dukani. Ndani rangi imetulia laini, inatikisika ukiigusa. Mdogo wangu wa mwisho alikuja na kijiko. Ilibidi nimfukuze, na pamoja na hivyo kikombe cha waridi kina shimo mpaka leo ambalo hakuna anayekiri kulichimba.

Sasa, guashi si rangi ya maji ya kawaida. Ile ya kawaida ni kama chai ya rangi, unaona mpaka chini ya kikombe. Hii inafunika kama chokaa. Ni unga wa rangi uliochanganywa na utomvu wa miti ya jamii ya mgunga, na zile za bei yetu sisi huongezewa chaki ili zizibe vizuri. Maana yake unaweza kuweka nyeupe juu ya nyeusi na nyeusi ikanyamaza. Kwa mtu anayekosea kila mstari wa pili, hiyo ni rehema.

Usiku wa kwanza nilichora mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe. Nikalala nimeuacha wa kahawia iliyoiva, nyuma yake ukuta wa krimu. Asubuhi nikakuta mtu kaubadilisha: mlango umepauka, ukuta umekolea. Nilimshuku mdogo wangu, kumbe ndiyo tabia ya guashi, rangi nzito ikikauka hupauka na rangi nyepesi hukolea. Lakini bahati ya mjinga! Mlango uliopauka ulionekana kama umepigwa na jua miaka mia, na ukuta ukaonekana mkongwe kweli. Kila aliyepita alisema, "Mwalimu, umeupatia." Sikumwambia mtu kwamba sikuhusika.

Nikaubeba mpaka barabarani kwa kijana mmoja anayewachorea watalii tingatinga, nimwoneshe. Hawa jamaa wamerithi mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kule Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa hiyo wanajua rangi ni nini. Aliutazama mlango wangu, akausifu, kisha akalamba kidole akasugua pembeni. Kidole kikatoka cha buluu.

"Dada, hii inakauka," akasema, "lakini haishiki."

Nikamnyang'anya karatasi yangu. Njia nzima nikajisemea: hasidi mkubwa wee! Mtu akiona mwenzake anainuka, lazima amtie mate.

Basi, ndiyo wiki ileile Mjomba alipopita nyumbani. Mjomba ni nahodha, ana mashua yake ya kuvulia, na wakati huo ilikuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Fundi alikuwa amebadilisha ubao mmoja upande wa omo, yaani mbele, amepiga kalafati kuziba nyufa, chini wamepaka deheni ya kuzuia maji. Limebaki jina. Na jina lilikuwa na sababu zake. Kuna mzee mwenzake ambaye tangu habari ya nyavu kuchanika hawasalimiani sawasawa, wanatupiana salamu kama mtu anatupa maji ya dagaa. Yule mzee alikuwa amepakia chombo chake maneno SEMENI MCHOKE. Mjomba hakulala wiki nzima.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye mlango. "Huu umeuchora wewe?"

"Mimi, Mjomba."

"Basi utaniandikia HASIDI HANA SABABU. Herufi kubwa. Zisomeke hata na mtu asiyetaka kusoma."

Bibi kutoka uani akasema, "Muulize kwanza kama kwashakoo inaingia majini." Nikamjibu kwa heshima kwamba asubiri aone.

Nataka niseme hapa kwamba nilifanya jaribio. Nilipaka kipande cha ubao, nikakianika, baada ya dakika tano nikagusa kwa kidole kikavu. Kimekauka, hakuna kilichotoka. Kidole kikavu! Jaribio la mtu mwenye akili timamu lilikuwa pale kwa yule kijana, lilishafanyika, na majibu nilikuwa nayo.

Nilianza Alhamisi baada ya adhuhuri. HASIDI iliangukia kwenye ule ubao mpya wa omo, ambao ulikuwa haujapakwa kitu, na mbao ile iliinywa rangi kama imefunga siku tatu. Nyekundu ikatulia tuli. Nikaipigia kivuli cheusi, halafu ukingo mweupe. Watoto wangu wa chekechea walikuwa wamesimama nyuma yangu wanatamka kila herufi inapozaliwa, "Haa! Aa! Sii!" nami nikajiona nina chuo changu mwenyewe, TaSUBa ya pili, kile chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo.

HANA SABABU ndiyo ilinitoa jasho. Huko mbao zilikuwa za zamani, zina rangi ya mafuta, na guashi juu ya mafuta ikawa inajikusanya matone kama maji kwenye jani la mgimbi. Mtu mwingine angeshuka hapo akaenda kufikiri. Mimi nikapunguza maji, nikaipaka nzito kama siagi, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikakubali, au ilijifanya kukubali. Kikombe cheupe kikaisha kwenye herufi ya mwisho, ndiyo maana ubavu wa pili tulikubaliana niuandike wiki inayofuata. Wenye uzoefu wanajua: katika guashi nyeupe huisha wakati rangi nyingine bado zinakutazama.

Kulikuwa na suala la vanishi. Nilikuwa nimesikia kwamba ukiipaka juu inaweza kusaidia, lakini kopo lina bei yake na Mjomba alikuwa ameshanipa soda tu. Na fikiria kwamba pwani hii yetu ya Mrima, katika karne ya 19, ndiko ilikotoka sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, inapakiwa vyomboni kwenda Ulaya na Marekani, wenzetu wakaipikia vanishi za kung'arisha samani zao. Mzigo huo ulipita pwani hiihii ninapochutama, na mimi sina hata kijiko.

Jioni maji yakajaa. Vijana sita wakaja kuishusha mashua. Kiza kinaanza kuingia, Mjomba anawahimiza, nami nimesimama mbali kidogo nimekunja mikono kama fundi anayengojea kusifiwa. Wakaingia majini mpaka viunoni, wimbi likawapiga, wakaweka mabega na vifua kwenye ubavu, harambee! harambee! Mashua ikasogea, ikaelea, wakarukia ndani. Tanga likapanda. Sikuona kitu. Hakuna aliyeona kitu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Bibi, "Imeingia majini, umeona?" Akasema, "Kuingia nimesikia. Ngoja itoke."

Ijumaa asubuhi nilikuwa pwani mapema, karibu na forodha ya zamani, pale samaki wanaposhushwa. Nilivaa vizuri, nikijua watu watauliza nani kaandika. Wachuuzi wamejaa na ndoo zao, mama lishe wamekoka moto, na yule mzee wa SEMENI MCHOKE alikuwa ameshafika, anakunywa kahawa juu ya mtumbwi uliofunikwa.

Mashua ya Mjomba ikatokeza. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mama wa chapati. "Jamani, chombo kinatoka damu!"

Na kweli. Kutoka omo kurudi nyuma, ubavu mzima ulikuwa na michirizi myekundu iliyoteremka mpaka majini. Watu wakasimama. Mmoja akasema papa, mwingine akasema wamegongana. Mimi nikahisi miguu imekuwa ya pamba, maana nilikuwa naijua ile nyekundu. Kikombe cha tatu, mstari wa kwanza.

Chombo kikasogea. Jua likakipiga ubavuni. Na mwanafunzi wangu mmoja, yule ambaye tangu Januari nilikuwa nahangaika naye asome, akachagua siku hiyo kusoma. Akanyoosha kidole, akapaza sauti:

"Ha-si-di. HASIDI!"

Basi. Hakukuwa na zaidi. Lile neno la kwanza, juu kwenye omo, katika ubao mpya, limekaa wima na kivuli chake na ukingo wake mweupe, zuri kuliko nilivyoliacha. Baada yake ni michirizi tu. Na nyuma ya neno hilo, amesimama kwa fahari, kashika usukani, ameinua kidevu kumwelekea yule mzee, ni Mjomba.

Yule mzee aliweka kikombe chake cha kahawa chini polepole. Akasimama. Akaweka mkono juu ya macho kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

"Jamani, pokeeni," akasema. "Hasidi karudi."

Pwani nzima ililala kwa kicheko. Kuna mtu alicheka mpaka akakaa ndani ya ndoo ya dagaa. Mjomba hakuelewa, akadhani wanashangilia, akawapungia mkono. Akaruka majini, akageuka kukitazama chombo chake. Nilimwona mgongoni tu, lakini mgongo nao una namna yake ya kusoma.

Hapo ndipo HANA SABABU ilipoonekana ilikokwenda. Vijana waliposhuka, kila mmoja alikuwa amebeba sehemu yake: bega jekundu, shavu jeusi. Mmoja mwenye fulana nyeupe alikuwa amepigwa chapa kifuani herufi nne nzima, BABU, lakini zimegeuka, zinaanzia kulia kwenda kushoto. Babu mmoja wa madrasa alizisogelea akazitazama kwa makini, akauliza ni aya gani.

Mnada nao ukaingia nuksi. Changu waliokuwa juu ya tenga walikuwa na wekundu usiokuwa wao, na mchuuzi wa samaki si mtu wa kumweleza habari za uchoraji. Akamfunua mmoja mashavu, akalamba kidole, akasugua. Ni kidole kilekile cha yule kijana, nakuapia, kimenifuata. "Mmewapaka rangi?" Ikabidi niitwe mimi kutoa maelezo mbele ya halaiki, kwamba ni guashi, kwamba inayeyuka kwa maji, kwamba ukiwaosha wanarudi kuwa changu. Wakaoshwa. Wakarudi. Bei haikurudi.

Mjomba hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mpwa wangu, na ile chekechea ndiyo unavyofundisha hivihivi?" Kisha akaenda zake msikitini.

Jumapili alimwita yule kijana wa tingatinga. Alifika na kopo la rangi ya mafuta, buluu, na hakunicheka, jambo ambalo sijamsamehe. Alitaka kufuta yote aanze upya, lakini Mjomba akamzuia. Bei ilihesabiwa kwa herufi, na Mjomba akiwa bado ana kidonda cha mnada, akagusa ile HASIDI yangu kwa kidole. Kikavu. Nilifumba mdomo. "Hii imeshika," akasema, "ya mpwa wangu iache. Malizia maneno mawili ya mwisho."

Naapa nilitaka kusema. Lakini ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Ijumaa mtu kunitaja kwa wema.

Likaandikwa. HASIDI nyekundu ya guashi, HANA SABABU buluu ya mafuta, nalo likapendeza. Yule mzee akapunguza maneno kwa karibu wiki tatu.

Halafu masika yakaingia. Mvua ya Aprili ya kwetu haina haraka, inanyesha kama ina mkataba. Kila nikipita pwani nikawa natazama upande mwingine, lakini jicho lina wizi: HASIDI ikawa waridi, ikawa doa, ikawa ubao. Mafuta hayakuguswa hata nukta. Kwa hiyo sasa, ukifika Bagamoyo ukashuka pwani, utaikuta mashua nzuri, imepigwa kalafati safi, imeandikwa ubavuni kwa buluu ya kung'aa: HANA SABABU.

Wageni huuliza. Juzi alikuja mmoja na daftari, anaandika majina ya vyombo. "Mzee, mbona chombo chako kinaitwa Hana Sababu?"

Mjomba alikuwa anashona nyavu, hakuinua kichwa. "Nenda chekechea pale juu," akasema, "muulize mwalimu."