Maktaba ya Michezo ya Kompyuta Ihamie Kwenye Simu, Si Duka Peke Yake

Tarehe 16 Agosti 2024 kampuni ya Epic Games ilifungua duka lake la michezo kwenye simu. Kwa wenye Android lilifunguliwa dunia nzima, na kwa wenye iPhone lilifunguliwa katika nchi za Umoja wa Ulaya tu, ambako sheria mpya ya masoko ya kidijitali ilikuwa imeilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine tangu Machi mwaka huo. Wengi waliita tukio hilo ushindi, nami sikatai, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa umedumu miaka 4, tangu Agosti 2020, pale Epic ilipotia ndani ya Fortnite njia yake yenyewe ya malipo ili kuikwepa kamisheni ya asilimia 30 ya Apple na Google, nazo zikauondoa mchezo huo madukani mwao siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mtu aliyekuwa na akaunti ya Epic kwenye kompyuta tangu 2018, akiwa amenunua na kukusanya michezo mwaka baada ya mwaka, alipolifungua duka hilo kwenye simu alikuta michezo mitatu ya Epic yenyewe, basi. Vyote alivyokuwa amelipia vilibaki kwenye kompyuta.

Mjadala wa maduka ya simu umeshikilia mno suala la nani achukue asilimia ngapi, na umesahau mnunuzi. Kwa maoni yangu jambo linalostahili kupiganiwa ni hili: aliyekwisha kuulipia mchezo awe na haki ya kuucheza kwenye kifaa chochote chenye nguvu ya kuuendesha, na simu ihesabiwe miongoni mwa vifaa hivyo. Duka jipya lisilokuja na maktaba ya mteja ni mahali pengine pa kulipia upya.

Kulipia upya ndiko tulikokuzoea. Stardew Valley ulitoka kwenye kompyuta Februari 2016, ukafika iPhone Oktoba 2018 na Android Machi 2019, na kila mahali unauzwa nakala yake. Simlaumu aliyeutengeneza, kwa kuwa kuuhamisha mchezo na kuupanga upya kwa vidole badala ya kipanya ni kazi halisi, na bei ya simu aliiweka chini. Lakini michezo mingi zaidi haikuhamishwa kamwe wala haitahamishwa, na kwa hiyo mwenye simu peke yake hana hata pa kuilipia mara ya pili.

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni kuurusha mchezo kwa intaneti, ukiendeshwa na mashine iliyo mbali huku simu ikionyesha picha tu. Programu ya Steam Link, ya duka kubwa la michezo ya kompyuta liitwalo Steam, iliyofika Android mwaka 2018 na kukataliwa na Apple hadi Mei 2019, hufanya hivyo kutoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, ambayo lazima uwe nayo na iwe imewashwa. GeForce Now ya NVIDIA inakwenda mbali zaidi, kwani inakukodisha mashine iliyoko kwenye kituo chao na kukuacha ucheze michezo uliyonunua Steam, na kwa hilo naiheshimu. Tatizo ni hesabu. NVIDIA inataka kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya ubora wa kati. Mkondo ukijaa kiasi hicho, saa moja hula zaidi ya GB 6, na kwa mtu wa Mwanza au Kisumu anayenunua bando la wiki, saa hiyo moja inaweza kulimaliza bando zima. Juu ya hilo kuna umbali: amri ya kidole ikisafiri hadi seva ya Ulaya na kurudi, mchezo wa mbio au wa kupigana hauchezeki. Tena tuliona Stadia, huduma ya Google ya aina hiyo hiyo, ilivyofungwa Januari 2023. Wateja walirudishiwa fedha zao, na huo ulikuwa uungwana, lakini maktaba zilitoweka.

Njia ya pili ndiyo inayonipa matumaini, yaani mchezo uendeshwe ndani ya simu yenyewe. Michezo ya kompyuta imeandikwa kwa chipu za aina ya Intel na AMD na kwa mfumo wa Windows, ilhali simu hutumia chipu za ARM, kwa hiyo inahitajika tafsiri ya tabaka tatu. Box64 au FEX hugeuza amri za chipu, Wine, mradi ulioanza 1993, hugeuza maombi ya Windows, na DXVK hugeuza maagizo ya michoro ya Windows, yaitwayo DirectX, kuwa ya Vulkan, ambayo simu inayaelewa. Winlator ni programu ya Android inayokusanya vipande hivyo mahali pamoja. Ukiifungua unatengeneza kwanza chombo, ambacho ni kama Windows ndogo yenye diski C yake, unachagua ukubwa wa skrini na draiva ya michoro, yaani programu inayoiendesha chipu ya michoro, kisha unalibofya faili la mchezo kama ambavyo ungefanya mezani. Dakika za mwanzo picha hukwama-kwama kila kitu kipya kinapotokea, mgongo wa simu hupata joto, na maandishi yaliyokusudiwa skrini ya inchi 24 huwa madogo kama ya karatasi ya maelezo ya dawa. Baada ya hapo, kwa simu nzuri, mchezo wa pande mbili hukimbia bila taabu.

Nasema kwa simu nzuri kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wa Ulaya na Marekani hulipita haraka. Matokeo mazuri karibu yote hutoka kwenye simu zenye chipu ya Snapdragon, ambayo sehemu yake ya michoro, Adreno, ina draiva huria iitwayo Turnip iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Simu zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue ni za Tecno, Infinix na itel, na nyingi kati ya hizo zina chipu za MediaTek au Unisoc zenye sehemu ya michoro ya Mali au PowerVR, ambako mchezo ule ule unaweza kufunguka ukiwa na skrini nyeusi au usifunguke kabisa. Kwa watu wengi wa kwetu simu hiyo ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Ndio wangefaidika zaidi na maktaba ya kompyuta kuhamia kwenye simu, na ndio walioachwa nyuma zaidi katika kazi hii.

Kisingizio kwamba haiwezekani sasa kimekwisha. Novemba 2025 Valve, wenye Steam, walitangaza Steam Frame, kifaa cha kuvaa usoni kinachotumia Snapdragon 8 Gen 3, chipu ya simu, na kuendesha michezo ya kompyuta kwa msaada wa FEX. Wameweza kwenye chipu ya simu wakiwa wao wenyewe ndio wenye duka. Lakini programu yao rasmi ya Steam kwenye simu bado inakuruhusu kununua, kuthibitisha kuingia kwenye akaunti, hata kuiagiza kompyuta ya nyumbani ipakue mchezo, ila haikuruhusu kucheza. Pengo hilo limezibwa na watu wa kando: GameHub na GameNative hukuomba uingie kwa akaunti yako ya Steam kisha hupakua michezo yako moja kwa moja. Nawashukuru waliojitolea kuifanya kazi hiyo, ila siridhiki kuona akaunti yenye manunuzi ya miaka mingi ikipitishwa kwenye programu ambayo mwenye duka hakuidhinisha. Kazi hiyo ni ya mwenye duka.

Anayestahili sifa hapa ni GOG, duka lililoanza 2008, ambalo mchezo wake hauna kufuli. Unapakua kisakinishi, unakihamishia kwenye simu, unakifungua ndani ya Winlator, na hakuna seva ya kuomba ruhusa. Tofauti hiyo ilikuja kuonekana wazi zaidi pale sheria ya California, iliyoanza kutumika Januari 2025, ilipoyataka maduka yasiyompa mnunuzi faili la kubaki nalo yamweleze waziwazi kwamba anachonunua ni leseni.

Suala la malipo nalo halitenganishwi na hili. Steam humwonyesha Mwafrika Kusini bei kwa randi, lakini Mkenya na Mtanzania huonyeshwa dola, katika eneo ambalo M-Pesa imekuwapo tangu 2007. Kuna wanaopitia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa iliyozinduliwa 2022, na inafanya kazi, ingawa ni mzunguko usio na sababu.

Ninachowaomba Valve kwanza ni kidogo. Steam Deck ilipotoka 2022 waliweka alama kwenye kila mchezo waliokwisha kuupima, ili mnunuzi ajue kabla ya kulipa kama utaendeshwa vizuri. Alama kama hiyo iwekwe kwa ajili ya simu za Android, na upimaji usiishie kwenye Snapdragon za bei ya juu, bali uingize na Mali, uanzie kwenye michezo midogo ya chini ya GB 1 ambayo bando la kawaida linaweza kuipakua na simu ya GB 128 inaweza kuihifadhi. Hadi hapo watakapofanya hivyo, mchezo unaopatikana kwa GOG na kwa Steam kwa bei moja mimi naununua GOG, na kisakinishi nakihifadhi.