Meza ya vipimo ndiyo moyo wa uwanja wa Pompeii

Picha nyingi za uwanja mkuu wa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, hupigwa kwa namna moja: mabaki ya hekalu la Jupita mbele, mlima Vesuvius nyuma. Zinapendeza, lakini zinamfundisha mtazamaji jambo nisilokubaliana nalo, kwamba uwanja ule ulikuwa wa miungu na wakubwa. Kwangu mimi, kitu chenye maana kuliko vyote pale kimo ndani ya kishubaka upande wa magharibi, jirani na hekalu la Apolo, na ni rahisi kukipita bila kukitupia jicho. Ni meza ya mawe yenye mashimo ya duara, makubwa kwa madogo, na chini ya mashimo kuna matundu ya kutolea kilichopimwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa meza ya vipimo ya mji.

Mnunuzi aliyehisi kapunjwa aliweza kuja na nafaka yake na kuimimina kwenye shimo la kipimo alicholipia. Ikijaa, muuzaji ni mkweli. Ikipungua, kila aliyesimama karibu ameona. Tundu likizibuliwa, nafaka inarudi chomboni na mtu anaenda zake. Hapakuhitajika kujua kusoma, wala kumlipa wakili, wala kujuana na mtu. Sisi tuliokulia penye lumbesa, ambapo mkulima hufungashiwa gunia lenye kilemba na kulipwa bei ya gunia la kawaida, tunajua jinsi kipimo cha haki kinavyoweza kuwa siasa kuliko hotuba yoyote.

Jiwe lenyewe lina upande mchungu. Kabla Warumi hawajaifanya Pompeii koloni lao mwaka 80 KK, wenyeji walikuwa wakisema Kioska, na mezani palikuwa na maandishi ya lugha hiyo. Karibu mwaka 20 KK madiwani wa mji waliagiza vipimo vilinganishwe na vya Roma. Wasimamizi wa kazi hiyo walikuwa Aulus Clodius Flaccus na Numerius Arcaeus Arellianus Caledus. Mashimo yakarekebishwa, maneno ya Kioska yakafutwa, na majina ya mabwana hao wawili yakachongwa kwa Kilatini. Kwa hiyo meza iliyomlinda mnunuzi ndiyo hiyo hiyo iliyowaambia wenyeji kwamba kipimo cha babu zao hakitambuliki tena. Siwezi kusifia nusu moja nikaficha ya pili. Hata hivyo naona uzito katika uamuzi wa kuiacha meza hadharani. Vipimo hivyo vingeweza kutunzwa kwa karani, chini ya kufuli, na mtu akaambiwa arudi kesho. Viliwekwa pale watu walipokuwa wakipita na vikapu vyao.

Flaccus huyo, kwa njia, hakuwa mtu wa mashimo ya mawe tu. Maandishi yanayomtukuza yanaeleza kwamba wakati wa sikukuu ya Apolo aliandaa maandamano uwanjani humo, pakawa na mafahali, watu wa kupambana nao, na mabondia. Siku moja uwanja ni soko na mahakama, siku nyingine ni kiwanja cha michezo.

Uwanja wenyewe ni mrefu na mwembamba, upana wake kama mita 38, urefu takriban mita 140, na mikokoteni haikuingia. Njia kuu zilipofika pale zilikatizwa kwa ngazi na mawe yaliyosimikwa. Aliyetaka kuingia aliingia kwa miguu, awe diwani au mchukuzi. Upande wa kusini magharibi lilisimama jengo la Basilika, mahali pa kesi na biashara, la karne ya 2 KK. Kuta zake zilijaa maandishi ya kukwaruzwa. Mtu mmoja, Gaius Pumidius Dipilus, aliandika kwamba alikuwa pale, akaweka na tarehe, ambayo kwa hesabu yetu ni Oktoba 3 mwaka 78 KK. Mwingine aliuambia ukuta kwamba anashangaa haujaanguka kwa kubeba upuuzi wa waandishi wote hao, naye akauongezea wake.

Lakini tunajuaje watu walifanya nini uwanjani siku ya kawaida? Hapa bahati imetusaidia sana. Mwaka 1755 wachimbaji walikuta katika nyumba ya mwanamke aitwaye Julia Felix michoro ya ukutani inayoonyesha uwanja wenye nguzo na sanamu za wapanda farasi, na watu wakiwa kwenye shughuli zao. Muuza viatu anawahudumia wateja. Wauza vitambaa wanakunjua vitambaa mbele ya wanawake ili wavipapase. Yupo muuza vyungu vya shaba, yupo wa mikate. Tangazo refu limetandazwa kupita mbele ya sanamu, na watu wamesimama wanalisoma. Mwanamke aliyefuatana na mtumishi wake anamtolea sadaka ombaomba mwenye ndevu na mbwa. Michoro imechakaa mno, lakini hakuna kitu katika Pompeii nzima nikipendacho kama hiki, kwa sababu aliyechora hakumweka mchuuzi pembeni ya uwanja. Amemweka katikati ya nguzo, penye kivuli, chini ya sanamu za waheshimiwa.

Na waheshimiwa hao walijua wanahitaji nani. Kila mwaka mji ulichagua wakuu wanne, wawili wa kuamua kesi na wawili wa kusimamia masoko, barabara na majengo ya umma. Matangazo ya kampeni yalipakwa rangi kwenye kuta za mitaa, na zaidi ya 2,500 yamepatikana. Wauza matunda wanamtaka Holconius Priscus. Waendesha nyumbu wanamtaka Julius Polybius, ambaye tangazo jingine linamsifu kwa kuleta mkate mzuri. Wanawake wawili, Statia na Petronia, wanawaombea kura Casellius na Albucius na kutamani raia kama hao wapatikane daima. Statia na Petronia wenyewe hawakuwa na kura. Hakuna mwanamke aliyekuwa nayo, hata Eumachia, kuhani wa umma aliyejenga kwa fedha zake, kwa jina lake na la mwanawe, jengo kubwa kuliko yote upande wa mashariki wa uwanja. Madobi wa mji walimsimamishia sanamu humo ndani. Mwanamke aliweza kuugeuza uso wa uwanja mzima, lakini siku ya uchaguzi akabaki mtazamaji. Hilo linaniuma, na nadhani ni haki liniume.

Sijasahau mchoro mwingine wa Julia Felix. Kati ya nguzo zile zile mvulana amebebwa mgongoni kwa mwenzake, mwingine amemshika miguu, na mtu mzima anamchapa fimbo. Wanafunzi wengine wamekaa na vibao vyao mapajani, macho chini. Watu wamo uwanjani na shughuli inaendelea. Nimesema uzuri wa uwanja ulikuwa mambo kufanyika mbele za watu, na bado nasema hivyo, ila mchoro huu unanilazimisha kuongeza kwamba macho ya watu humlinda yule ambaye watu wamekubali anastahili kulindwa. Mnunuzi wa ngano alistahili. Mtoto yule hakustahili, wala mtumwa. Katika vibao vya nta, yaani vya kuandikia mikataba, vya dalali Caecilius Jucundus, vilivyofukuliwa mwaka 1875, binadamu ni bidhaa ya mnadani, na mashahidi wanagonga mihuri yao kuthibitisha kwamba fedha imelipwa sawasawa. Kipimo kilikuwa cha haki, na kilichopimwa alikuwa mtu.

Leo vitu hivi vimetawanyika. Meza ya asili ya vipimo iko katika Jumba la Makumbusho la Akiolojia la Naples, na uwanjani imebaki nakala. Michoro ya Julia Felix iko Naples, na sanamu ya Eumachia pia. Naelewa sababu, kwani mvua na jua vingeimaliza rangi ile. Matokeo yake ni kwamba mgeni anakuta nguzo zisizo na watu, na ndiyo maana anadhani mahali hapa palikuwa pa miungu na wakubwa. Anayeweza, aende Naples kwanza, ndipo apande treni kwenda Pompeii. Na kama wasimamizi wa magofu wangenisikiliza, ningewaomba wasimamishe nakala za michoro hiyo kando ya nguzo za uwanja: muuza viatu, wasoma tangazo, ombaomba na mbwa wake, na yule mvulana anayechapwa, naye asiachwe nje.