Kabureta Inasingiziwa

Nina Datsun 1200 pikapu niliyorithi kwa baba, ile ya injini ya A12, cc 1171. Miaka miwili iliyopita ilinizimikia mara tatu katika safari moja kwenye mlima wa Kitonga, barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Kutoka Morogoro mpaka Mikumi haikuwa na neno. Tukavuka Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda, na kwenye kona ya pili ikalegea: nakanyaga mafuta, haijibu; naachia, inapata nguvu kidogo; nakanyaga tena, inakohoa. Kisha kimya. Nyuma yangu malori. Aliyewahi kukwama Kitonga anajua maneno ya dereva aliyelazimika kusimamisha lori lenye mzigo katikati ya mlima ule.

Fundi wa kwanza, mjini, hakuchukua hata dakika tano. "Bosi, hiyo kabureta imekufa." Nikanunua nyingine. Safari iliyofuata ikazima kona ileile.

Tangu siku hiyo nina kinyongo na kauli hiyo. Kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, iko juu, ina vidude vingi, na inauzika, basi ndiyo inayobebeshwa kesi. Lakini kabureta haiendi kuchota petroli kwenye tangi, inakunywa ilicholetewa. Kabla hujashika spana, jiulize petroli imefika wapi.

Na kwenye Datsun hizi jibu umewekewa mbele ya macho. Bakuli la kabureta ya Hitachi lina kidirisha cha kioo chenye alama, na Toyota nyingi za injini ya K zina kitu kama hicho. Gari likizima, fungua boneti palepale, futa masizi, tazama. Petroli ikiwa imefika kwenye alama, mafuta yapo, nenda kwenye umeme: platini, kondensa, koili. Kioo kikiwa kitupu, ama kisindano cha floti, kile kinachofungua na kufunga njia ya petroli, kimeganda, ama chujio dogo la pale mrija unapoingilia limeziba, ama shida iko nyuma zaidi. Sijawahi kumwona fundi wa mjini akikitazama kioo hicho. Kwenye gari langu kilikuwa kimefunikwa na mafuta na vumbi la miaka mingi, nilidhani ni kizibo.

Umeme, kwa kawaida, hukata ghafla kama mtu amezima taa, ilhali gari linalokosa petroli hulegea kwanza. Koili iliyochemka inaweza kukudanganya, ndiyo maana kioo kinaaminika kuliko masikio.

Kioo kikiwa kitupu, subiri injini ipoe, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, kisha chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta na uuelekeze kwenye chupa. Mwenzako apige starta. Pampu ya petroli iliyo nzima hutema kwa mapigo, kwa nguvu, bila kukatika. Na kama aliyekuja kukusaidia ana sigara mdomoni, mshukuru, mwambie aende nayo mbali.

Pampu ikitema kinyonge, wengi hapo hapo wanainunulia mpya. Ngoja kwanza. Uchomoe mpira unaoingia kwenye pampu, weka mpira mwingine ulio mzima, ncha yake itie kwenye galoni ya petroli safi, upige starta tena. Ikitema vizuri sasa, pampu haina kosa. Mkosaji yuko kati yake na tangi.

Huko ndiko alikokuwa mkosaji wangu. Upande ule pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo mpira wenye ufa haudondoshi petroli chini ukaona tone. Unaingiza hewa. Kwenye tambarare pampu inavuta petroli pamoja na hewa kidogo, maisha yanaendelea. Mlimani tangi linabaki chini nyuma, injini iko juu, na wakati huohuo injini inadai petroli nyingi kuliko kawaida. Hewa inashinda. Ufa wenyewe ulikuwa chini ya klempu, jirani na tangi, mahali usipopaona mpaka ulale chini mgongo uguse vumbi. Mpira uliotibu ugonjwa wote ulikuwa na urefu wa kiganja.

Kifuniko cha tangi nacho nakitaja kwa sababu ya ile tabia yetu: kifuniko kimeibwa, mtu anafunga nailoni na mpira wa ndani wa baiskeli. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie. Gari likizima, fungua kifuniko. Ukisikia tangi linavuta pumzi ndefu, na gari likawaka tena, umeshampata.

Yule fundi wa kwanza, nimtendee haki, alikuwa na ushahidi. Plagi zilikuwa nyeusi. Lakini mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta yenye jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli) zilizozoea Dar es Salaam inatoa mchanganyiko mzito huko juu, petroli nyingi kwa hewa kidogo, nao huzitia plagi masizi. Weusi ule ulisimulia mizunguko ya mjini, haukusimulia mlima. Ukitaka plagi zitoe ushahidi wa mlimani, zima injini ukiwa bado mlimani, usiiache ingurume bila kukanyagwa mafuta, ukishapata pa kusimama salama uzifungue.

Wapo walioniambia ni petroli iliyochakachuliwa. Neno hilo tunalipenda tangu 2010, mwaka ambao EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta na uchakachuaji ukahama kutoka vituo vya mafuta hadi kwenye masanduku ya kura. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa itaifanya injini igonge na iwe ngumu kuwaka asubuhi. Haichagui kona ya Kitonga.

Sasa na sisi wenye magari. Aliyeupata ule ufa alikuwa mzee mmoja wa Ilula. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa tayari amelala chini ya gari. Alitumia saa nzima na chupa ya maji ya plastiki, akafunga kipande cha mpira, akasema elfu kumi. Nikaanza kubishana naye: mpira wa elfu mbili, elfu nane ya nini? Kabureta ya laki na zaidi nililipa bila kuguna, kwa kuwa nilipewa kitu mkononi. Kumlipa mtu kwa kutafuta, hapana. Halafu tunashangaa wanakimbilia kubadilisha spea.

Mzee hakubishana. Alifuta mikono, akaniambia nipande mlima kwanza, nikirudi nimpe ninachoona kinafaa. Nilirudi na elfu ishirini.

Kabureta ya baba niliirudisha mahali pake. Ile nyingine iko kabatini, ndani ya boksi, na kila anayekuja kuiulizia namwomba kwanza anioneshe kioo.