Wanyama wa Ruhuhu si mijusi

Mtu akitaja mifupa ya kale ya Tanzania, mara mazungumzo yamehamia kwa “mjusi” wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi aliyesimamishwa Berlin. Sina ugomvi na mjusi huyo. Nakataa tu mazoea ya kumbandika jina lake kila mnyama wa kale, hadi wale wa bonde la Mto Ruhuhu unaomwaga maji Ziwa Nyasa. Miamba ya Usili katika bonde hilo ina visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya mwishoni mwa kipindi cha Permiani, enzi ya Paleozoiki ikielekea ukingoni, zaidi ya miaka milioni 252 iliyopita. Mifupa ya Tendaguru ina miaka milioni 150 hivi. Wa Ruhuhu walikuwa wamekwisha kuwa mawe kwa zaidi ya miaka milioni 100 dinosaria wa Lindi walipozaliwa.

Isitoshe, wengi wao ni wa ukoo wetu: sinapsidi, ukoo uliokuja kuzaa mamalia.

Ushahidi uko kwenye fuvu. Weka kidole kwenye panja, kisha kaza meno. Msuli unaotuna hapo huteremka hadi taya la chini ukipita upande wa ndani wa mfupa wa shavu. Njia yake ndiyo tundu moja linaloonekana nyuma ya kila jicho kwenye fuvu la sinapsidi. Dinosaria ana mawili kila upande. Halafu tazama meno. Gorgonopsia, wawindaji wakubwa wa Ruhuhu, wana meno ya mbele, chonge ndefu, kisha vijino vidogo nyuma yake. Chonge zao ziling'oka na kuota upya kwa zamu katika vishimo viwili vilivyokaribiana, hivyo ukikuta mbili zimesimama pamoja upande mmoja, usidhani ni kilema. Mpya ilikuwa inachukua nafasi ya kuukuu.

Mawindo yao yalijumuisha disinodonti, wala majani wenye mdomo wa pembe kama kobe na, kwa wengi wao, chonge mbili tu. Taya la chini liliteleza kwenda nyuma likikata majani. Katika kundi hili ndimo alimo Kawingasaurus, na jina lake ndilo linalonikera kuliko yote, maana saurus ni Kigiriki cha mjusi. Huyu alikuwa mchimbaji kama fuko. Fuvu lake lilikuwa pana, la sentimita chache tu, na miguu ya mbele ilikuwa na nguvu za kufukua udongo. Sehemu ya sikio lake la ndani ilikuwa kubwa kupita kiasi, umbo linalofaa kunasa mitetemo ya ardhini. Mtoto wa Songea anayemjua fuko shambani angemwelewa mnyama huyu kwa dakika moja, lakini tukimwambia ni mjusi tunampoteza.

(Wapo wasio wa ukoo wetu pia. Peltobatrachus alikuwa amfibia wa nchi kavu mwenye vigae vya mfupa mgongoni.)

Kosa la jina husahihishika kwa kalamu. Kosa la uwandani halisahihishiki. Mifupa mingi ya Ruhuhu hutokeza yenyewe juu ya ardhi baada ya mvua kuumomonyoa mwamba wa tope, na mara nyingi imefungwa ndani ya bonge gumu la jiwe. Ukilipiga nyundo, linapasuka kwa kufuata mfupa, na meno ndiyo yanayovunjika kwanza. Ukiosha kipande kwa maji, tope lililokishika linalegea na kipande kinamomonyoka. Gundi nzito nayo hubaki juu kama ngozi na kufunika mishono ya fuvu, yaani mistari ambapo mifupa yake inaungana. Inatakiwa nyepesi, ipakwe mara kadhaa ili izame ndani. Baya zaidi ni kuokota fuvu bila kuandika lilitoka tabaka lipi la mwamba, kwa sababu fuvu lisilo na tabaka halina umri.

Kwa hiyo ukikuta mfupa, uache. Piga picha ukiweka kitu cha kupimia kando yake, chukua nukta ya GPS, toa taarifa kwa idara inayohusika na mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali. Na utakapoandika taarifa hiyo, andika “fuvu” au “mfupa”. Usiandike “mjusi”.